Upepo wa Mama Pacha

Jumatatu, 3 Machi

"Upepo ni wa bure, fundi. Acha kutusumbua." Maneno ya msimamizi wetu, Bwana Tutaona, leo asubuhi mbele ya zamu nzima, huku akijipuliza vumbi la suruali kwa bastola ya upepo. Nayakanusha hapa, kwa kuwa pale nilikatizwa.

Upepo wa dirishani ni wa bure. Upepo wa kompresa haujawahi kuwa wa bure hata siku moja. Kompresa yetu inameza umeme, inabana hewa, inageuza chumba chake kuwa tanuri, na kati ya umeme wote iliokula, kinachofika kwenye kazi ni kiduchu. Mipira ya upepo imetambaa kiwanda kizima, kutoka kwenye tangi hadi kwenye silinda zinazosukuma chupa za sabuni ya maji, na kila kiungio kinavuja. Tunanunua umeme ili tupulize suruali za wasimamizi. Mtu anayeliita jambo hili bure hajui maana ya upepo wala maana ya bure.

Nilisema haya yote. Nilisema kwa sauti. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi umeme na kwa bahati mbaya yuko zamu moja na mimi, aliuliza kama hotuba yangu nayo ina kompresa yake. Watu wakacheka. Bwana Tutaona akasema tutaona. Huwa anasema hivyo. Ndiyo maana tunamwita hivyo.

Jioni, jambo zito zaidi. Mama Pacha, mke wangu, ambaye hufanya kazi kwenye meza ya lebo, alisema huku akimenya viazi kwamba anafikiria kuacha kazi mwisho wa mwezi. Mle ndani pamemshinda. Nikamuuliza pamemshinda vipi. Akasema basi tu, Baba Pacha, pamenishinda. Akachukua kiazi kingine.

Sikula vizuri. Tumefanya kazi katika ukumbi ule tangu pacha wetu hawajaota meno, na sasa wana ndevu na wanaishi mbali. Nikiinua macho kutoka kwenye vali yoyote, naona kitambaa chake cha kichwa juu ya makreti. Sihitaji kuona zaidi ya hapo. Ila hicho nahitaji kukiona.

Nimekwisha gundua tatizo. Kelele. Kutwa nzima upepo unaovuja unapiga mluzi kichwani mwake. Nani asingechoka?

Mpango: kuziba kila tundu. Kiwanda kitaokoa umeme, Bwana Tutaona atanyamaza, mke wangu atabaki. Sijawahi kuwa na mpango safi kama huu.

Jumanne, 4 Machi

Nimebandika bango mlangoni: KILA MLUZI NI MWIZI. Maandishi mekundu. Nilidhani linajieleza.

Halikujieleza. Shemeji hupiga mluzi akifanya kazi, tangu ujana wake, wimbo uleule mmoja na bado anaukosea. Kufikia mapumziko ya asubuhi watu walikuwa wanamwambia ainue mikono juu. Alikuja kuniuliza kama nina neno naye, niliseme kama mwanamume, si kumwandikia ukutani. Nikamweleza kuwa bango linahusu viungio vya mipira. Akasema kiungio gani kinajua kusoma.

Nimeanza kupaka povu. Hapa angalau kiwanda cha sabuni kina faida: unachovya brashi, unapaka kwenye kiungio, panapovuja povu linachemka kama maziwa. Paliposhindikana kuonekana kwa macho palionekana kwa povu. Ukuta wa magharibi wote ulichemka. Bwana Tutaona alipita akauliza kama tunafua mabomba. Nikamwambia kuwa kila kiputo anachokiona ni umeme wake unaokwenda angani. Akaangalia juu kidogo, akaenda zake.

Mama Pacha alikuwa ananitazama kutoka kwenye meza. Nikampungia brashi. Akanipungia lebo.

Jumatano, 5 Machi

Siku kubwa. Nimekaza nati, nimebadilisha mipira iliyopasuka, nimefunga utepe kwenye nyuzi za skrubu za viungio. Ukuta wa magharibi kimya. Ukuta wa mashariki kimya.

Uvujaji mbaya kuliko wote nimeukuta wapi? Juu ya meza ya lebo, sambamba na kiti cha mke wangu. Nati ilikuwa imelegea, na upepo ukimshukia moja kwa moja shingoni, mchana kutwa. Nilishikwa na hasira. Fundi gani alipita hapa akaacha hivi? Nikapanda ngazi, nikaikaza mpaka mkono ukauma. Mluzi ukakata.

Niliposhuka nilitarajia neno. Mama Pacha alitazama ile nati, akanitazama mimi, akaitazama tena nati. Shangazi, yule mkubwa wa meza ambaye si shangazi wa mtu yeyote ila kila mtu humwita hivyo, aliguna na kumwambia, haya mwenzangu, ndiyo umeolewa na fundi. Nililichukulia kuwa ni sifa.

Mchana kompresa ilizimika yenyewe na kupumzika. Haijawahi. Ilikuwa ikinguruma bila kupumua tangu ilipoletwa, kwa kuwa tangi halikujaa hata siku moja. Wafanyakazi wawili walikimbia nje wakidhani imekufa. Mimi nilisimama karibu nayo nikaisikiliza ikinyamaza. Niseme kweli, machozi yalinilengalenga. Shemeji aliniona. Akasema anashukuru dada yake hakuolewa na jenereta.

Alhamisi, 6 Machi

Ukumbi umetulia mpaka unasikia mtu akifikiri. Na bado Mama Pacha hana raha. Jana alasiri alitoka nje kila baada ya muda, akasimama uani akijipepea kwa karatasi ya lebo. Kitambaa kimelowa jasho. Kufika nyumbani akaenda bombani na kuinamisha kichwa, maji yakamwagika mpaka yakaingia mgongoni, na hakujali.

Nikamuuliza kama bado kuna kelele. Akaniuliza kelele gani.

Inamaanisha ipo bado, ila imejificha. Nimefikiria sana. Bila shaka ni ile sauti ya silinda zikigonga. Zinapewa upepo mwingi kuliko zinavyohitaji, zinapiga chupa kama zina ugomvi nazo. Leo asubuhi nimepunguza shinikizo kwenye tangi. Hili nalo linaokoa umeme, kila kitabu kinasema hivyo, na mimi vitabu nimevisoma, sikuvitumia kuegemezea mlango kama Bwana Tutaona.

Nilipunguza sana. Mchana silinda za mstari wa kwanza zilianza kusukuma chupa kama mtu anayesukuma mkokoteni wa mwenzake. Chupa zikafika kwenye kujazwa zimechelewa, sabuni ikamwagwa pasipo na chupa. Bwana Tutaona alitembea katika povu mpaka viatu vikapiga kelele. Akasema sasa nimeona. Alipobadilisha neno lake nilijua kuwa mambo ni mabaya.

Nimerudisha juu geji ya shinikizo. Si yote. Nusu ya njia.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi, tukivaa viatu, mke wangu kasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Baba Pacha, tangu Jumatano umeninyima upepo."

Hatimaye lalamiko lililo wazi. La kiufundi kabisa. Nilijilaumu kwa kutoliona: nimepunguza shinikizo, na mashine yake ya kubana lebo iko mwisho wa mstari, silinda yenyewe ndogo kama kidole gumba. Bila shaka upepo haufiki. Nikamwambia asijali, leo nitakupa upepo mpaka useme basi. Alifurahi. Alinishika mkono mpaka getini, jambo ambalo hatujafanya tangu pacha waanze shule.

Kabla ya kazi kuanza nikafungua vali ya mashine yake mpaka mwisho.

Chupa ya kwanza aliyoweka ilibanwa mpaka kifuniko kikaruka. Sabuni ikapanda juu ikashuka juu ya Mama Pacha, juu ya Shangazi na juu ya lebo za wiki nzima. Harufu ya ndimu ikajaa ukumbini. Shangazi alijifuta macho akauliza kama leo kuna mtu anaogeshwa.

Nilimkimbilia Mama Pacha na kitambaa. Alikuwa na povu kidevuni kama ndevu za mzee, nami, niseme kweli, nilicheka kidogo. Kosa. Alinipokonya kitambaa, akasema nilikuomba upepo, sikuomba sabuni. Nikamwambia huo ndio upepo. Akasema mwisho wa mwezi ni mbali, atazungumza na Bwana Tutaona wiki ijayo.

Jioni viatu vyake alivivua bila kuniambia nimsaidie kamba. Nimekaa na huu wino sijui niandike nini. Nampa anachotaka na anazidi kuondoka.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji alinivuta nyuma ya makreti. Nilidhani ni lile bango. Nilikuwa tayari kwa vita na nilikuwa na hoja zangu.

Hakuwa na vita. Aliniuliza kama mimi ni mjinga kweli au nafanya makusudi. Nikamjibu kuwa swali lake limejengwa vibaya. Akasema sawa, shemeji, sikiliza basi. Dada yake mwili unamwaka moto. Ni umri. Unamshika ghafla, shingo na uso vinawaka, jasho linamtoka, halafu unamwachia, halafu unamrudia. Tangu msimu wa joto uliopita. Alimwambia yeye, kaka yake. Naye akapanda ngazi akalegeza ile nati juu ya kiti chake, kidogo tu, ili upepo umshukie shingoni. Ndio upepo uliomfanya aweze kukaa pale. Na mimi ndiye niliyepanda nikaikaza mpaka mkono ukauma.

Upepo. Aliomba upepo wa kupunga. Mimi nimeshika neno hili kwenye mipira kwa miaka mingi mpaka nimesahau kuwa watu wengine wanalitumia kujiburudisha.

Nikamuuliza shemeji kwa nini mke wangu hakuniambia mimi. Akainua mabega. Halafu akasema, kwa upole ambao sikuuzoea kwake, labda nimuulize yeye.

Nikamuuliza. Alikuwa anaanika nguo. Alisema hakuniambia kwa kuwa ningechora mchoro. Nikamuuliza mchoro una ubaya gani. Akasema unaona.

Tukaanika pamoja. Nilimwambia nilidhani ni kelele. Akasema ule mluzi aliupenda, ulimlaza usingizi mchana. Nilimwambia ningependa kujua mambo yake kabla shemeji hajayajua. Akabana shati langu kwenye kamba kwa vibanio vitatu, shati moja, akasema haya, sasa umejua. Halafu joto likamshika palepale. Niliona linavyopanda, kutoka kifuani mpaka masikioni. Nikachukua beseni tupu nikampepea nalo. Lilikuwa beseni zito. Sikusimama mpaka likapita.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji ametuma ujumbe: legeza nati, maliza kazi.

Siwezi. Nimejiuliza asubuhi nzima na siwezi. Nimesimama mbele ya zamu nzima nikasema kuvuja ni wizi. Nikilegeza nati moja kwa sababu ni ya mke wangu, kesho kila mtu ana mke, na ukumbi mzima unapiga mluzi tena. Lakini pia siwezi kumwacha awake moto. Mtu asiyejua kushikilia mambo mawili kwa pamoja aache kuitwa fundi.

Nikapata jibu nikipiga mswaki. Upepo uliokwisha kazi! Silinda inasukuma chupa, halafu inarudi, na ule upepo uliomo ndani unatupwa nje, pfu, kila mara. Umeshalipiwa. Umeshafanya kazi. Tunautupa sakafuni. Nikiunganisha mpira kwenye tundu la kutolea, nikaupitisha juu ya makreti mpaka kwenye kiti chake, Mama Pacha atapata upepo na kompresa haitaongeza hata chembe. Haki na huruma katika mpira mmoja.

Nilichora. Ilibidi. Nikamwonyesha. Aliushika mchoro muda mrefu, akauliza huyu mwenye kichwa cha yai ni nani. Nikamwambia ni wewe. Akasema mbona umenichora nikicheka. Nikasema ndivyo mfumo unavyotakiwa kufanya kazi ukikamilika.

Amekubali kutozungumza na Bwana Tutaona habari ya kuacha kazi mpaka Jumatano. Kwa ajili ya mchoro, alisema.

Jumatatu, 10 Machi

Mpira mrefu wa bluu umetundikwa kuanzia silinda kubwa ya mstari wa kwanza mpaka kwenye kiti chake. Kila chupa inaposukumwa, pfu, upepo shingoni. Alifumba macho. Nilimwona kutoka kwenye ngazi, kitambaa kikicheza kidogo nyuma ya sikio. Kwa muda mfupi sana sikuwa na adui duniani.

Nilisahau mafuta. Silinda zetu za zamani hulainishwa kwa matone ya mafuta yanayosafiri na upepo, na upepo ukitoka hutoka nayo. Kufikia chakula cha mchana shingo ya mke wangu ilikuwa inang'aa na kola ya gauni lake imekuwa nyeusi. Shangazi alimnusa akasema ananukia kama pikipiki.

Mama Pacha alicheka. Alicheka mpaka akashika meza. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyocheka akiwa hajizuii, bila sauti, mabega tu.

Kesho nitaweka kichujio.

Jumanne, 11 Machi

Niliweka kichujio. Vitambaa vinne vilivyokunjwa ndani ya kopo. Upepo ulitoka safi na ulitoka kidogo. Uliobaki ukakosa pa kwenda, ukarudi ndani ya silinda, na silinda isiyoweza kupumua nje haiwezi kusukuma vizuri. Chupa zikaanza kulala. Moja, halafu nyingine, halafu mstari mzima ukaanguka kama walevi, na sabuni ikafika mpaka kwenye viatu vya Bwana Tutaona, ambavyo vilikuwa vipya kwa sababu ya vile vya Alhamisi.

Aliagiza mpira ushushwe. Nilikuwa na hoja. Shemeji alinishika bega akasema shemeji, basi. Nikaushusha. Mama Pacha hakunitazama; alikuwa amefungua kitambaa kabisa na kujifuta nacho uso, na nilijua kesho ndiyo Jumatano.

Ndipo Shangazi aliposema kwa nini tusihamie mlangoni. Mlango wa uani uko kivulini, upepo unapita hapo siku nzima, wanawake wamekuwa wakiomba miaka yote. Bwana Tutaona akasema haiwezekani, mpira wa mashine ya lebo haufiki, na hata ukifika, upepo wa kompresa huishia njiani, mwisho wa ukumbi haupatikani.

Shemeji aliangalia ule mpira wangu mrefu wa bluu sakafuni. Akauunga. Wanawake wakabeba meza, kila mmoja pembe yake, Shangazi akiwaamrisha kama wanahamisha harusi. Mashine ikawekwa mlangoni. Mama Pacha akaweka chupa. Ikabana. Lebo ikakaa sawa.

Liandikwe kwa wino usiofutika: upepo ulifika mlangoni kwa sababu niliziba matundu. Wiki iliyopita usingefika hata nusu ya ukumbi. Hakuna aliyelisema. Bwana Tutaona alimpongeza Shangazi kwa wazo na shemeji kwa kuunga mpira.

Jumatano, 12 Machi

Hakwenda kwa Bwana Tutaona. Nilimngoja nje ya ofisi kutwa, nikijifanya nakaza bawaba. Mwishowe alikuja yeye mwenyewe kuniuliza nasubiri nini. Nikamwambia nakusubiri wewe uache kazi. Akasema amebadili mawazo, pale mlangoni panakalika. Halafu akasema hata hivyo angekosa kuniona nikianguka kwenye ngazi.

Nikamwambia sijawahi kuanguka kwenye ngazi. Akasema bado.

Tulikula pamoja mlangoni, wakati wa mapumziko. Joto lilimshika mara moja, upepo ukalichukua. Alinipa nusu ya embe lake, ile yenye kokwa, kwa sababu anajua napenda kuguguna.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya ugunduzi mkubwa kuliko yote.

Jana nilikaa tena na Mama Pacha mlangoni, na badala ya kula nikawa naisikiliza ile hewa. Baridi. Safi. Ndiyo hewa baridi kuliko yote kiwandani. Na kompresa yetu inavuta nini? Inavuta hewa ya chumba chake yenyewe, tanuri lile, hewa ya moto iliyotanuka, na kuibana hiyo ni kazi kubwa na ni umeme mwingi. Ikivuta hewa baridi, inapata zaidi kwa umeme uleule. Hili halina ubishi. Tumekuwa tukiinywesha kompresa maji ya moto na kushangaa ina kiu.

Kwa hiyo: bomba la bati, pana kama kiuno cha mtu, kutoka mlango wa uani mpaka chumba cha kompresa. Nimekwisha pima. Linapita palepale ilipo meza ya lebo. Nilimwambia shemeji. Alifunika uso kwa mikono miwili, akakaa hivyo, kisha akasema ana kazi mahali pengine. Bwana Tutaona sijamwambia. Ataona.

Sasa nawaandikia ninyi, wanawake wa meza ya lebo, na karatasi hii nitaichana niibandike mlangoni alfajiri kabla hamjafika. Mmekaa juu ya hewa bora ya kiwanda hiki mkiitumia kukaushia jasho. Nataka ifikapo Jumatatu asubuhi muwe mmesogeza meza mpaka ukutani, wote, bila mabishano na bila maneno ya pikipiki. Shangazi, na wewe pia. Isipokuwa Mama Pacha. Yeye abaki mlangoni hapohapo na kiti chake. Bomba nitalipinda limzunguke.